Ajali, talaka, vibali: Karatasi ndogo zinazoamua kesi kubwa

Dar es Salaam. Gari limemgonga mwendesha bodaboda karibu na mataa. Rimu imepinda, mguu umevimba, watu wamejaa. Mwenye gari anashuka, anaomba radhi, anachomoa Sh100,000. "Kaka, tusisumbuane na polisi. Kapige picha ya huo mguu, yaishe."

Yanaisha. Wiki mbili baadaye daktari anasema mfupa umevunjika na upasuaji hauepukiki. Simu ya mwenye gari haipatikani. Namba za gari hakuna aliyezishika. Polisi hakuna jalada.

Huu ni mfano tu, lakini wengi wanaujua. Na unaonyesha jambo linalojirudia kwenye ajali, ndoa na hata uhamiaji: haki ipo kwenye sheria, ila mlango wake unafunguliwa na karatasi fulani inayotakiwa kupatikana mapema. Ukiikosa, unaweza kuwa na haki yote duniani na bado usiambulie kitu.

Haya ni majibu ya maswali yanayoulizwa sana, kwa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake kwenye baadhi ya mambo, hasa ndoa na talaka, ambako Mahakama ya Kadhi ina nafasi yake.

AJALI BARABARANI

Nimegongwa. Nianzie wapi?

Uhai kwanza. Mgonjwa aliye hoi awahishwe hospitali, na ndugu au rafiki aende polisi kufuatilia PF3. Fomu hiyo hutolewa bure. Daktari huijaza akieleza majeraha yaliyoonekana, na baadaye ndiyo inayounganisha mguu wako na ajali ile. Bila hiyo, upande wa pili unaweza kusema uliumia kwenye mpira.

Wakati huohuo, kama una simu na nguvu, piga picha ya namba za gari, eneo la tukio na uharibifu. Chukua majina na namba za mashahidi wawili watatu. Polisi wakifika, hakikisha tukio linaandikwa na ramani ya ajali inachorwa, kisha chukua namba ya jalada.

Nitajuaje kama gari lina bima?

Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria kuwa na angalau ile ambayo mtaani inaitwa bima ndogo, yaani bima inayolinda watu wengine dhidi ya madhara ya gari hilo. Kwa namba za usajili, uhalali wa bima huangaliwa kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Ndiyo maana picha ya namba za gari ina thamani kuliko maneno ya dereva.

Bima ndogo inamlipa nani?

Inamhusu aliyeumizwa na gari hilo: mtembea kwa miguu, mwendesha bodaboda, pia abiria aliyelipa nauli kwenye chombo cha biashara. Haimtengenezei gari aliyesababisha ajali wala haimtibu yeye. Hayo ni ya bima kubwa, kwa kadiri mkataba wake unavyosema.

Dereva ameshapigwa faini mahakamani. Je, fidia yangu imo humo?

Hapa wengi huteleza. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini anayolipa inaingia serikalini. Mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru aliyeumia afidiwe, lakini si jambo la kulitegemea. Fidia kwa kawaida hudaiwa kivyake: kwanza kwa maandishi kwa kampuni ya bima na mmiliki wa gari, na ikishindikana, kwa kesi ya madai.

Hata hivyo, kesi ya trafiki si ya kuipuuza. Dereva akitiwa hatiani, nakala ya hukumu ni ushahidi mzito kwenye madai yako. Iombe.

Fidia inapimwaje?

Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara zinazohesabika: dawa, vipimo, nauli za kwenda kliniki, kipato kilichopotea. Mahakama hutaka kila shilingi ithibitishwe, kwa hiyo risiti usitupe hata ya panadol. Ya pili ni maumivu, ulemavu na maisha kubadilika. Hapo hakimu au jaji hutumia busara yake kwa kuangalia ushahidi, hasa ripoti ya daktari.

Mwenye gari anataka tuandikishane. Kuna ubaya?

Kumalizana nje ya mahakama ni halali, na mara nyingi ni haraka zaidi. Ubaya upo kwenye mstari wa mwisho wa karatasi: "Nimepokea na sina madai mengine." Ukisaini hivyo kabla daktari hajasema umeumia kiasi gani, umeuza kesi bila kujua bei yake. Kama ni lazima upokee fedha ya haraka, iandikwe kwamba ni ya matibabu ya awali.

Nina muda gani wa kudai?

Madai ya kuumizwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu tukio. Baada ya hapo mlango unafungwa, hata kama ushahidi wako ni wa dhahabu. Ukitaka kuishtaki Serikali, mfano umegongwa na gari la umma, unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi kalenda. Wapo wanaoambiwa "njoo wiki ijayo" hadi mwaka wa tatu unakatika.

KUUMIA KAZINI

Mashine imenikata kidole. Bosi anasema ni uzembe wangu.

Kwa ajali za kazini, nani mzembe siyo swali la kwanza. Tangu mwaka 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Kinachotakiwa kuonyeshwa ni kwamba umeumia au umeugua kutokana na kazi na ukiwa kazini.

Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa "hela ya WCF" kwenye mshahara, hiyo si sahihi.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa WCF ndani ya siku saba. Maombi ya fidia nayo yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Mfanyakazi anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, mbali na gharama za matibabu.

Na kama bosi hajatoa taarifa?

Toa mwenyewe. Mfanyakazi au ndugu yake anaweza kwenda ofisi za WCF. Kama huna mkataba wa maandishi, kusanya kinachoonyesha ulikuwa kazini: miamala ya mshahara kwenye simu, kitambulisho, daftari la mahudhurio, hata meseji za msimamizi akikupangia zamu. Usifute hizo meseji.

NDOA NA TALAKA

Naweza kwenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka?

Kwa kawaida, hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Linaweza kuwa baraza la kata au baraza la jumuiya ya dini, kama la BAKWATA au la kanisa, lililotambuliwa kwa kazi hiyo. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema hivyo.

Hati hiyo ndiyo tiketi. Na ina tarehe ya mwisho: ikifikishwa mahakamani, iwe haijapita miezi sita tangu itolewe. Wapo wanaoipata, wanaiweka chini ya godoro wakisubiri "mambo yatulie", na wanapoamua kufungua kesi inakuwa imeshaisha nguvu.

Hili si jambo la kimaandishi tu. Februari 2020 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mtwara, ilifuta mwenendo wa kesi ya talaka kwa sababu hapakuwa na hati halali ya baraza. Kesi ilikuwa imeshapanda ngazi zote hadi huko. Muda, nauli na ada vilikuwa vimeshakwenda.

Je, baraza linaweza kuvunja ndoa au kugawa nyumba?

Hapana. Kazi yake ni kusuluhisha na kutoa hati. Karatasi ya baraza iliyoandikwa "ndoa imevunjika, mume achukue shamba, mke achukue vyombo" haina nguvu hiyo. Talaka na mgawanyo wa mali hutoka mahakamani, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi hadi Mahakama Kuu.

Mwenzangu hataki kuja barazani. Au simjui alipo.

Sheria imeliona hilo. Unaweza kwenda mahakamani bila hati kama mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, kama anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, kama ameitwa barazani akakataa makusudi, kama amefungwa maisha au kwa kifungo cha miaka mitano au zaidi, au kama ana ugonjwa wa akili usiopona. Yapo pia mazingira ya kipekee ambayo mahakama yenyewe huyapima. Lakini lazima ueleze na uthibitishe. Ukisema tu "hapokei simu" haitoshi.

Mume wangu ametamka talaka tatu. Bado nahitaji mahakama?

Kwa ndoa ya Kiislamu, sheria inaheshimu taratibu za dini ila inazipanga kwa mfuatano. Mgogoro upite barazani, baraza lithibitishe kushindwa kusuluhisha, kisha kukiwa na kitendo kinachovunja ndoa kwa mujibu wa dini, mahakama itatoa talaka. Bila amri ya mahakama, mambo ya mali, watoto na hadhi yako kwenye nyaraka za serikali yanabaki yananing'inia.

Tumeoana mwaka jana tu. Inawezekana?

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, unahitaji kwanza kibali cha mahakama, na uonyeshe kwamba unapitia mateso au ugumu usio wa kawaida. Kutengana kwa amri ya mahakama hakuna sharti hilo la miaka miwili.

Sababu gani zinakubalika?

Mahakama haitafuti tu nani mkosaji. Inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi wa hilo unaweza kuwa ugoni, ukatili wa mwili au wa kiakili, kutelekezwa kwa makusudi kwa angalau miaka mitatu, au kutengana kwa hiari kwa muda kama huo. Aliyepigwa na hakwenda polisi wala hospitali ana kazi ngumu kuliko mwenye PF3 ya siku ile. Ndiyo, ni fomu ileile ya ajali.

Mali ni nusu kwa nusu?

Hakuna hesabu ya moja kwa moja. Mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, madeni ya familia na mahitaji ya watoto. Mali uliyoingia nayo kwenye ndoa nayo inaweza kuguswa kama mwenzako ameiendeleza kwa kiasi kikubwa.

Jina kwenye hati ya nyumba halimalizi mjadala. Mwaka 1983, kwenye kesi ambayo wanasheria wote nchini wanaijua, ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Kupika, kulea na kutunza nyumba vinahesabika.

Lakini mahakama hiyohiyo, katika maamuzi ya baadaye, imesisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Hapo ndipo karatasi zinarudi: daftari la VICOBA, risiti ya saruji, muamala wa kumlipa fundi, hati ya mauziano ya kiwanja yenye majina ya mashahidi. Anayeanza kutafuta vitu hivyo siku ya kufukuzwa nyumbani huwa amechelewa.

Hatukufunga ndoa, tumeishi tu miaka mitano.

Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kama mke na mume, sheria inadhani wameoana. Ni dhana inayoweza kuvunjwa kwa ushahidi, kwa mfano wa mmoja kuwa tayari kwenye ndoa isiyoruhusu nyingine. Dhana isipovunjwa, mwanamke anaweza kwenda mahakamani kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine ambazo mke angeweza kuomba. Mjumbe wa shina, majirani na barua ya mwenye nyumba wanaweza kuwa mashahidi wako.

Watoto wanabaki na nani?

Kipimo ni maslahi ya mtoto, siyo nani kashinda kesi. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama yake, ingawa inaweza kupingwa kwa sababu za msingi. Mtoto anayeweza kujieleza husikilizwa. Na kutokaa na mtoto hakumwondolei baba wajibu wa matunzo. Ukikwama, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako.

UHAMIAJI

Nimeolewa na Mtanzania, mimi ni raia sasa?

Ndoa peke yake haikupi uraia. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wa tajnisi kwa njia iliyowekwa kwa ajili yake. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hana njia hiyo ya mkato, anafuata masharti ya kawaida. Wakati wa kusubiri, wote wanahitaji kibali halali cha kuishi nchini. Na kama ukaazi wako umesimama juu ya ndoa, nenda Uhamiaji mapema ndoa inapoanza kuyumba, usisubiri kibali kiishe.

Mimi ni Mkenya au Mganda. Si tuko Jumuiya?

Jumuiya ya Afrika Mashariki inarahisisha kuingia na kukaa kama mgeni, hadi miezi sita. Ila kuingia siyo ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni anayeajiriwa Tanzania anahitaji vitu viwili tofauti: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi cha daraja B kutoka Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, daraja C ni la wengine wakiwemo wanafunzi na watafiti.

Nikichukua uraia wa nje?

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Tanzania unaupoteza. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili kwa kuzaliwa hutakiwa kuchagua akifikisha miaka 18.

Naenda kufanya kazi Oman. Nijilinde vipi?

Hakikisha wakala ana leseni na usome mkataba kabla ya kupanda ndege. Piga picha ya pasipoti, viza na mkataba, utume kwa ndugu unayemwamini, na uhifadhi kwenye barua pepe, maana simu inaweza kuchukuliwa. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania. Mwajiri hana haki ya kuifungia kabatini. Mambo yakiharibika, kimbilio ni ubalozi wa Tanzania, na kwa Oman upo Muscat.

SINA HELA YA WAKILI

Siyo kila hatua inahitaji wakili. Barazani, WCF na ustawi wa jamii unakwenda mwenyewe. Mahakama ya Mwanzo nayo imezoea watu wanaojisimamia, na kesi inasikilizwa kwa Kiswahili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua msaada wa bure kwa wasio na uwezo, ukiwemo wa wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Pia yapo mashirika yanayotoa ushauri bure, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA). Ukitaka kusoma hukumu mwenyewe, zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Makala haya hayachukui nafasi ya wakili, kwa sababu kila kesi ina mambo yake. Lakini kabla hujaahirisha, kumbuka tarehe hizi:

• Siku 7: mwajiri kutoa taarifa ya ajali kwa WCF.
• Siku 90: notisi kabla ya kuishtaki Serikali.
• Miezi 6: uhai wa hati ya baraza la ndoa.
• Miezi 12: kuomba fidia ya kuumia kazini.
• Miaka 3: kudai fidia ya kuumizwa kwa uzembe.

Yule mwendesha bodaboda hakupoteza kesi mahakamani, maana hakuwahi kufika huko. Aliipoteza pale kwenye mataa, alipoipokea ile Sh100,000 bila hata kupiga picha namba za gari.